Likizo imeisha unarudi Ujerumani kumalizia mwaka wa kujitolea: fanya hivi usiyumbe wiki za mwanzo

Huu mwongozo ni wa vijana wetu walioko Ujerumani kwa mwaka wa kujitolea, iwe FSJ (mwaka wa kujitolea kwenye huduma za jamii), iwe BFD (huduma ya kujitolea ya serikali ya shirikisho), iwe umeletwa na kanisa au kwa weltwärts, mpango wa serikali ya Ujerumani wa vijana wa kujitolea, ambao wamebahatika kwenda nyumbani Tanzania katikati ya mwaka na sasa wanatakiwa kurudi kumalizia. Wakenya nao humu wamo, mambo ni yale yale. Mara ya kwanza unakuja kila mtu anakuandaa, kuna semina kabla ya safari, kuna kozi ya lugha, kuna mtu anakusubiri eapoti kashika karatasi yenye jina lako. Mara ya pili hamna kitu, watu wanajua ushazoea, na hapo ndo nimeona vijana wengi wanayumba, wengine wanavunja mkataba mwezi tu baada ya kurudi na ukiwauliza sababu hawana ya kueleweka, maana kazi ni ile ile, chumba kile kile, bosi yule yule. Mi naamini kabisa hii safari ya pili inataka maandalizi kama ile ya kwanza, na maandalizi yenyewe yanaanza hata hujaondoka Ujerumani kwenda likizo.

Hatua ya 1: Karatasi kwanza, tiketi baadaye

Kabla hujalipia tiketi toa kadi yako ya ukaazi uangalie tarehe ya mwisho. Kama inaisha ukiwa nyumbani usisafiri mpaka umeongea na Ausländerbehörde, ofisi ya wageni ya mji wako. Kama kadi haijatoka na umepewa ile karatasi ya muda, Fiktionsbescheinigung, ifungue ndani uone kimetikiwa kisanduku gani, hii ni muhimu mno: iliyotolewa chini ya § 81 Abs. 4 (kifungu cha 81, fungu la 4, cha sheria ya ukaazi) inakuruhusu kutoka na kurudi, ya Abs. 3 haikuruhusu kurudi, ukitoka nayo umeshajifungia nje. Usisikilize rafiki anayesema "mbona mimi nilipita". Waandikie barua pepe wakujibu kwa maandishi halafu jibu uliprinti.

Piga picha pasipoti na kadi pande zote mbili, jitumie kwenye barua pepe. Ukiipoteza kadi huko nyumbani utahitaji ripoti ya polisi, halafu uende ubalozi wa Ujerumani pale Umoja House Dar es Salaam kuomba viza ya kurudia, na hilo halimalizwi kwa siku mbili tatu. Kwenye begi la mkononi weka pia kopi ya mkataba wako wa kujitolea, karatasi ya bima na barua ya kituo inayosema unarudi kazini tarehe fulani, kwa sababu mtu wa kwanza kukuuliza maswali sio polisi wa Frankfurt, ni yule wa kaunta ya ndege KIA au Dar anayeona pasipoti ya Tanzania na tiketi ya kwenda Ulaya.

Bima nayo. Bima ya afya ya Ujerumani uliyokatiwa na kituo haikutibu Tanzania. Kata bima ya safari ya wiki hizo, bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kulazwa. Na kitabu cha njano cha chanjo nenda nacho, maana ukiunganisha ndege Addis Ababa ukakaa zaidi ya masaa 12 unaweza kuulizwa homa ya manjano unapoingia Tanzania.

Hatua ya 2: Chagua vizuri siku ya kutua

Hapa watu wanajibana wenyewe. Likizo ni siku chache kwahiyo mtu anataka ale nyumbani mpaka dakika ya mwisho, anatua Jumapili jioni, Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi anatakiwa awe kwenye shifti. Jumapili Ujerumani maduka yamefungwa, friji yako ni tupu, umetoka kwenye joto umeingia kwenye baridi, na treni nazo unazijua. Acha angalau siku mbili kamili kati ya kutua na kuanza kazi, ikiwezekana tua Alhamisi au Ijumaa. Bora upunguze siku mbili za nyumbani kuliko kuanza wiki ya kwanza ukiwa mgonjwa na umenuna.

Kama utakuwa nje mwezi mzima, sitisha Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya usafiri wa nchi nzima. Tangu Januari 2025 ilikuwa yuro 58 na Januari 2026 ikapanda mpaka 63, kwa mtu anayeishi kwa posho hiyo ni hela. Unaisitisha kabla ya tarehe 10 ya mwezi ndo inakufa mwisho wa mwezi huo huo, ukichelewa unakatwa na mwezi unaofuata. Ila hakikisha umewasha mpya kwa ajili ya siku ya kutua, na kumbuka haipandi treni za safari ndefu za ICE wala IC, inapanda treni za mkoa, S-Bahn na usafiri wa mjini kama basi na tramu tu, kwahiyo kutoka eapoti panga njia yako mapema.

Hita ya chumbani usiizime kabisa wakati wa baridi, iache kwenye alama ya nyota, na mwenzako wa nyumba aambiwe afungue dirisha mara moja moja ukungu usije ukutani.

Hatua ya 3: Ukiwa nyumbani, usiahidi

Hapa nataka nikae kidogo maana ndo penye mzizi wa yote. Nyumbani wanajua uko Ulaya. Neno kujitolea wanalisikia lakini haliwaingii, kwao mtu akipanda ndege akaenda Ujerumani anafanya kazi, na anayefanya kazi ana mshahara. Sasa wewe unajua unachopata ni posho ya kujikimu. Sheria imeweka kiwango cha juu cha hiyo posho, mwaka 2025 kilikuwa yuro 644 kwa mwezi, na wengi wetu hata hapo hatufiki kwa sababu kituo kinatoa chumba na chakula. Mjomba akipiga hesabu ya kuzidisha yuro kwa shilingi anaona mamilioni, haoni kwamba pea moja ya buti za baridi imekula robo.

Kwahiyo siku za mwanzo mwanzo kabisa, sio siku ya kuondoka, kaa na mzazi wako au yule mkubwa anayesikilizwa kwenye familia, mama mkubwa, baba mdogo, kaka, mweleze kwa namba. Mwambie mama napata kiasi hiki, nakatwa hiki, nabaki na hiki. Usione aibu. Ukishamwelewesha mtu mmoja mwenye sauti yeye ndo atakusemea kwa wengine, na maneno yake yana uzito kuliko yako maana wewe ukijisemea utaonekana una roho mbaya.

Halafu panga bajeti ya zawadi na michango kabla hujatoka Ujerumani, iandike, itoe yote ukiwa kule kule mkononi mwako, iishe. Kuna harusi, kuna msiba, kuna ada ya mdogo wako, toa ulichopanga useme Mungu akijalia siku nyingine. Usiseme "nikifika nitatuma". Hayo maneno mawili ndo yanayorudi na watu Ujerumani. Ahadi ni deni, na deni hili linakuja na meseji ya WhatsApp kila asubuhi uko kwenye basi la kwenda kazini, mdogo wangu vipi ile simu, mwanangu lile bati, mpaka unafika hatua unaogopa kufungua simu, ukiogopa kufungua simu unakosa hata salamu za watu wanaokupenda bure, upweke unaanzia hapo.

Jambo lingine la kuongea huko huko ni mwaka ukiisha utafanya nini. Wengi wanataka kuunganisha na Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi, uuguzi hasa. Ongea na wazazi uso kwa uso, kwa simu hayaongeleki vizuri. Mafunzo mengi yanaanza Agosti mpaka Oktoba na maombi yanatumwa miezi mingi kabla, kwahiyo cheti cha form four na form six, vyeti vya kuzaliwa, na kopi zilizothibitishwa vitafute sasa hivi ukiwa nyumbani, usije ukaanza kumtuma mdogo wako shule wakati wewe uko Stuttgart.

Hatua ya 4: Kufunga begi

Mama atataka kukufungashia kila kitu. Mkubalie mengi, ila sheria za kuingiza vyakula Ulaya zijue, maana ukikamatwa navyo vinatupwa mbele yako na faini inaweza kukufuata.

Nyama ya aina yoyote hapana, hata iliyokaushwa, hata iliyopikwa. Maziwa, samli, jibini hapana. Samaki mkavu anaruhusiwa, dagaa wa Kigoma au wa Mwanza funga, kikomo ni kilo 20 kwa hiyo huwezi kufika, ila wafunge nailoni tatu wakae katikati ya kopo lenye mfuniko, harufu ikitoka nguo zote zimekwisha. Asali ya Tabora mpaka kilo 2. Matunda ndo yanawashangaza wengi, tangu Desemba 2019 matunda na mboga mbichi zinahitaji cheti cha afya ya mimea, kwahiyo embe, chungwa la Muheza, parachichi la Njombe bila hicho cheti vinachukuliwa. Yaliyoachwa huru ni nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Yaani nazi unaweza kubeba! Nazi mbili tatu na kibao cha mbuzi kama begi lina nafasi, wikiendi ukipika wali wa nazi jikoni kwenu utaona watu wanavyokuja kuuliza.

Unga wa ugali usijitese, maduka ya Kiafrika yako karibu kila mji wenye ukubwa wa maana. Beba vitu ambavyo havipatikani vizuri: viungo vya pilau, majani ya chai, kahawa ya kwenu. Thamani ya vitu vyote isizidi yuro 430 ukija kwa ndege, zaidi ya hapo unatakiwa utangaze forodhani.

Na wenzako kazini wawekee fungu lao kabisa kwenye begi. Korosho za Mtwara kilo moja, kahawa ya Moshi au ya Mbozi pakiti mbili, inatosha. Koti zito, kofia na soksi viwe begi la mkononi, sio kule chini, begi kubwa likichelewa Doha au Istanbul utasimama Frankfurt na shati la mikono mifupi Januari.

Hatua ya 5: Kuaga

Aga nyumbani, sio eapoti. Fanyeni sala au dua, kuleni, bibi akutemee mate ya baraka kama ndo mila yenu, halafu akupeleke mtu mmoja au wawili walio imara. Msafara wa Noah mbili mpaka KIA unamchosha mama na unakufanya upande ndege umevimba macho. Kama kuna mgonjwa au mzee sana nyumbani, tenga muda wako na wake peke yenu siku moja kabla. Mwambie yote unayotaka kumwambia. Hilo usiliahirishe.

Hatua ya 6: Siku mbili za mwanzo

Fungua begi siku hiyo hiyo. Namaanisha, hata kama umechoka. Begi lililofungwa kwenye kona linakuambia kila ukiamka kwamba bado uko safarini. Tundika kanga au kitenge kipya ukutani, panga viungo jikoni, fua, nenda kanunue mkate, mayai, mboga.

Januari jua linatoka saa mbili na kitu asubuhi na saa kumi na moja jioni ni giza tayari, na wewe umetoka kwenye mchana wa masaa kumi na mbili, mwili unashtuka. Toka nje saa sita mchana utembee hata nusu saa, hata kama mawingu. Nyumbani watakuwa mbele masaa mawili wakati wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi, kwahiyo ukimaliza shifti ya jioni wao wameshalala, pangeni siku za kupigiana, Jumatano na Jumapili kwa mfano. Kuongea nao kila siku wiki ya kwanza nakushauri usifanye. Najua inauma. Lakini ukishinda kwenye video kolu unaangalia wanavyokula, hapa utakuwa hupo na kule hupo.

Hatua ya 7: Kurudi kazini

Ukiwa Kita, yaani chekechea, watoto watakuzonga au watakununia siku mbili halafu yaishe, watoto hawana shida. Kazi ngumu ni kwa walioko nyumba za wazee, na ndo wengi wetu tuko huko.

Ukiwa umeondoka wiki nne kwenye nyumba ya wazee ujue kuna watu hutawakuta. Nyumba nyingi zina utaratibu, kwenye korido, karibu na lifti au mlango wa ukumbi, kuna meza ndogo yenye picha ya aliyefariki, mshumaa, ua moja, na daftari la kuandika neno. Baada ya siku chache meza inaondolewa, chumba kinapakwa rangi, jina jipya linawekwa mlangoni. Sasa wewe umetoka likizo unaingia chumba namba fulani na chai mkononi kama ulivyozoea, unamkuta mtu mwingine kitandani. Kwa sisi tuliozoea msiba wa watu kukaa nje siku tatu, kilio, turubai, sufuria kubwa, hii inachoma vibaya kwa sababu hakuna mahali pa kuuweka huo uzito.

Kwahiyo kabla hujagusa mlango wowote, siku ya kwanza, kwenye makabidhiano ya shifti, uliza nani ametutoka nilipokuwa sipo. Uliza kwa majina ya wale uliokuwa nao karibu. Kama daftari bado lipo andika, kwa Kiswahili pia inafaa. Kama familia ya marehemu unaijua waandikie kadi ya rambirambi, maduka yote wanauza, mistari miwili tu. Kama kuna kanisa au chumba cha sala hapo kituoni kaa dakika kumi. Wajerumani wenzako wengi wanabeba haya kimya kimya, ukimgusia mmoja wakati wa kunywa kahawa utashangaa anavyofunguka.

Na wale wenye usahaulifu wa uzeeni, yule bibi aliyekuwa ameshalishika jina lako mpaka anakuita kwa wimbo, anaweza asikujue kabisa. Usimbane na maswali ya "unanikumbuka?". Inama uwe usawa wa macho yake, taja jina lako, salimia, mpe mkono, anza upya. Mikono mingi inakumbuka kabla ya kichwa.

Korosho na kahawa weka meza ya mapumziko na kikaratasi kinasema zimetoka wapi. Angalia ratiba ya shifti mwenyewe usisubiri kuambiwa, mara nyingi wakati haupo vitu vimebadilika, chumba cha dawa, funguo, mtu wa zamu.

Kijerumani nacho kitakuwa kimeganda, hiyo kawaida. Deutsche Welle wana habari zinazosomwa polepole, sikiliza kuanzia wiki ya mwisho ukiwa nyumbani, dakika kumi kwa siku, na ukiwa kazini sema usahihishwe.

Hatua ya 8: Homa yoyote, sema Tanzania

Hii soma mara mbili. Ukipata homa kuanzia kama wiki moja baada ya kutoka nyumbani mpaka miezi kadhaa mbele, hasa ulikuwa Pwani, Kanda ya Ziwa, Kigoma, Lindi au Mtwara, usijiambie ni mafua ya baridi. Sisi tuliokua na malaria tunadhani mwili unaijua, lakini ukikaa mbali muda mrefu ile kinga inapungua, malaria inaweza kukupiga kama mtu ambaye hajawahi kuugua. Daktari wa Kijerumani anaona mtu ana homa Januari anawaza mafua, kwahiyo sentensi yako ya kwanza iwe: "Ich war in Tansania, ich habe Fieber, bitte einen Malariatest." Nenda siku hiyo hiyo. Usiku au wikiendi piga 116117, namba ya madaktari wa zamu; hali ikiwa mbaya, unachanganyikiwa, unatapika kila kitu, unapumua kwa shida, piga 112, namba ya dharura. Ile dawa ya mseto ya malaria uliyobeba kwenye begi usiimeze kimya kimya bila kupima.

Hatua ya 9: Wiki ya pili na ya tatu

Wiki ya kwanza utaendeshwa na hadithi na picha. Inayofuata ndo inauma. Unaanza kujiuliza nafanya nini huku, mama anazeeka, marafiki wanaendelea na maisha. Ukijiuliza hivyo ujue ni kipindi, kwa wengi kinapita. Ratibu kabisa kabla: mualike mtu aje mle wali wa nazi, rudi kwenye kwaya au timu au ibada uliyokuwa unaenda, watafute Waswahili wa mji wa karibu. Kama huna wa kuongea naye usiku, simu ya faraja na ushauri ya TelefonSeelsorge 0800 111 0 111 ni bure na wanapokea masaa yote, ingawa ni kwa Kijerumani.

Na uamuzi wa kuvunja mkataba usiufanye ndani ya mwezi huu. Kibali chako kimefungwa na hiyo huduma, ukiacha lazima Ausländerbehörde wajulishwe na unaweza kutakiwa kuondoka nchini, na zile ndoto za Ausbildung zinaingia mashakani. Kama tatizo ni kituo chenyewe, shifti hazifuati makubaliano, unatumwa kazi za wafanyakazi wa kulipwa peke yako, unadharauliwa, andika tarehe na kilichotokea, mpelekee mratibu wa shirika lako la kutuma au kupokea uombe kubadilishiwa kituo. Hilo linawezekana, wengi wamehamishwa wakamaliza mwaka vizuri. Muombe mkutane ana kwa ana, na kwenye siku za semina, ambazo kwa mwaka mzima ni angalau 25, mtafute mapema asubuhi kabla ratiba haijaanza.